Mwenzake Waziri

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu tangu ujana wake neno lililosikika zaidi kinywani mwake lilikuwa hilo: taratibu, akiwaambia farasi wakipita penye matope, wakipanda kilima cha soko, wakirudi kinyumenyume kwenye mlango wa ghala la saruji. Waliompenda walisema mwenda pole hajikwai. Wasiompenda, hasa madereva wa malori waliokwama nyuma yake wakipiga honi, walisema mengine yasiyofaa kuandikwa. Yeye aliwajibu wote kwa kuinua kofia.

Alikuwa na farasi wawili na gari moja la magurudumu manne la kuhamishia watu vitanda, makabati na magunia. Dume, mrefu, wa rangi ya kahawia, aliyehasiwa zamani, aliitwa Waziri, kwa kuwa hakufanya lolote mpaka amshauri mwenzake. Mwenzake alikuwa jike la rangi ya majivu, fupi, lenye kiburi, na jina lake Bibie. Bibie akisimama, Waziri naye anasimama. Bibie akinywa maji, Waziri naye ghafla anaona kiu. Mke wa mzee alikuwa akisema nyumba ile ina ndoa mbili, na iliyo bandani ndiyo yenye amani.

Mke akatangulia kufa. Halafu, kabla mzee hajazoea kupika chai ya mtu mmoja, Bibie naye akaanguka asubuhi moja kwa yale maradhi ya tumbo yanayoua farasi wengi. Daktari wa mifugo alifanya alichoweza, akanawa mikono, akatikisa kichwa.

Sasa, watu wa farasi wana desturi yao moja ya zamani. Farasi akifa, yule aliyekuwa akifungwa naye huletwa karibu na maiti, akaachwa. Atamnusa mwenzake puani, shingoni, kwenye kwato. Wengine humsukuma kwa kichwa, wengine hulia. Humvuti wala humharakishi. Unasubiri mpaka ageuke mwenyewe, hata ikichukua asubuhi nzima, ndipo maiti ichukuliwe. Mwache aage, ndivyo wanavyosema. Mzee Taratibu aliijua desturi hiyo vizuri, na kuna wenzake aliowafundisha yeye mwenyewe. Lakini zamu yake ilipofika, aliivunja.

Aliivunja kwa sababu ya mkewe. Mkewe alipofariki hospitalini, walimwita mzee chumbani akamwone. Akamwona. Kitambaa cheupe kilifungwa kutoka kidevuni mpaka utosini kama cha mtu anayeumwa jino, na jicho moja halikufumbika vizuri. Tangu siku ile, kila alipojaribu kumkumbuka akicheka, au akimfokea kwa kuingia sebuleni na matope, uso uliomjia ulikuwa ule wa kitambaa. Maisha mazima ya kutazamana yalifutwa na dakika moja mle chumbani. Aliona amedhulumiwa, tena na watu wema. Akaapa kwamba kiumbe kilicho chini ya mkono wake hakitafanyiwa hivyo.

Kwa hiyo Bibie alipokata roho, alimwita rafiki yake muuza maji, ambaye mtaa ulimpa jina la Filimbi kwa jinsi alivyopiga mluzi kutwa.

"Mpeleke Waziri kwa fundi akamtazame viatu."

"Viatu si vizima? Vya juzi tu hivi."

"Mpeleke tu."

Filimbi akamtazama, akaacha mluzi. "Taratibu, hutaki amuage?"

"Nenda, bwana."

Trekta likaja, likaondoka na Bibie chini ya turubai. Mzee akaosha sakafu kwa dawa, akachoma blanketi, akachoma hata mikanda yake ya kuvutia gari, ambayo ingeweza kutumika tena. Waziri aliporudi, aliingia bandani, akasimama upande wake, akaacha nafasi ya mwenzake wazi kama kawaida. Akasubiri. Jioni akatoka mpaka getini, akainua kichwa, akalia mlio mrefu, halafu akatega masikio kusikiliza. Kukawa kimya. Akalia tena.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga hao hawakufuga farasi. Lake lilikuwapo kila mahali: nafasi yake kwenye hori, upande wake wa ndoo, zamu yake ya kutangulia kutoka. Waziri aligusa nyasi kwa midomo, akaziacha, akarudi getini. Mbavu zikaanza kuonekana. Alikula tu pale mzee aliposimama kando yake, bega kwa shingo, mkono ukiwa mgongoni mwake. Mzee akihama, na farasi anaacha kutafuna.

"Basi simama hapo maisha yako yote," Filimbi alimwambia. "Na wewe ukifa tutakuletea trekta."

Ilisemwa kwa mzaha lakini haikuchekesha. Nyonga ya mzee ilikuwa imekwisha. Wiki ile ile aliteleza bandani akalala chini, hawezi kujiinua, mpaka Filimbi alipompelekea maji akamkuta. Habari zikamfikia binti yake, muuguzi katika mji mkubwa, na binti hakupiga simu. Alikuja.

Alipofika alimkuta baba yake uani amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mbuzi amesimama juu ya hori.

"Huyu ni nani tena?"

"Mwenzake Waziri. Nimemwazima kwa Mama Sabuni. Wanasema farasi mpweke mpe mbuzi."

Mama Sabuni, jirani aliyepika sabuni nyuma ya nyumba yake, alikuwa amemsifia mbuzi huyo kama mtu anayeoza binti: mpole, msafi, hana makuu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mbuzi hakungoja jembe. Siku ya kwanza alikula nyasi za Waziri. Ya pili alikula kamba ya Waziri. Ya tatu alitafuna nywele za mkia wa Waziri, naye Waziri, aliyekuwa hajamwinulia mtu mguu tangu azaliwe, alipiga teke likatoboa ndoo. Na kibaya zaidi, mbuzi alimpenda mzee. Alimfuata chooni, alimfuata jikoni, alilala mlangoni kwake. Farasi alibaki getini peke yake, akilia.

Binti aliangalia yote hayo, akaangalia na jinsi baba yake alivyoshika ukuta ili ainuke.

"Baba, hapa huwezi kubaki. Mvua zikianza nakuja kukuchukua. Chumba kipo, lifti ipo. Na chini yetu kuna mzee mwenzako, alikuwa fundi cherehani. Mkewe alifariki mwaka jana. Mpole sana, anapenda karata. Nimeshamweleza habari zako."

"Mimi si Waziri, mama, wa kutafutiwa mbuzi."

Binti akacheka, kisha akaona baba yake hacheki.

"Na Waziri?" mzee akauliza.

Hilo ndilo lililokuwa swali, wala halikuwa na majibu mengi. Nje ya mji kulikuwa na mama mmoja aliyefundisha watoto kupanda farasi, na mama huyo alimjua Waziri kwa upole wake barabarani. Alikuja, akamzunguka, akampapasa mbavu. "Namtaka, mzee wangu. Nafasi yake ipo. Lakini farasi asiyekula, anayeshinda getini analia, siwezi kumpandisha mtoto wa mtu. Akitulia bila wewe, mlete. Hata akija na rafiki yake nitampokea." Hakumalizia habari ya asipotulia. Walikuwapo wanunuzi wa farasi waliochoka, wakipita mtaani na lori lililofunikwa, na kila mtu alijua wanakowapeleka. Lori hilo lilikuwa limeshapunguza mwendo mara mbili mbele ya geti la Mzee Taratibu.

Mbuzi akarudishwa kwa Mama Sabuni, aliyenuna.

Baada ya mbuzi alikuja punda, na punda huyo alikuwa wa Filimbi, yule yule aliyekokota matangi ya maji. Filimbi alijitolea kumwacha punda alale bandani kwa Waziri. Hapo mzee alipata tumaini la kweli, kwa sababu usiku wa kwanza tu walisimama mkia kwa kichwa wakifukuziana inzi, na asubuhi hori lilikuwa tupu. Mzee alilipapasa kwa mkono ahakikishe. Alipika chai akaweka sukari mara mbili.

Halafu Filimbi akaja kumchukua punda wake kwenda kazini. Punda akatoka getini. Waziri akamfuata mpaka kwenye mbao, akampigia mlio, akazunguka ua mbio, jasho likimtoka kama aliyepanda kilima na makabati matatu. Jioni punda akarudi, mambo yakawa shwari. Asubuhi akaondoka tena. Wakaenda hivyo, mpaka ikawa dhahiri kwamba farasi hajapata mwenzake. Alikuwa akifiwa kila asubuhi. Mwishowe hata punda alipokuwa bandani, Waziri hakula. Alimtazama punda tu, akimlinda asiondoke.

Siku mzee alipomwambia Filimbi asimlete tena punda, alikaa peke yake kwenye ndoo iliyobaki, akamtazama Waziri pale getini. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa soko. Farasi aliinua kichwa, akalia, akatega masikio. Ndipo mzee alipojiuliza jambo ambalo hakuwahi kujiuliza: mbona yeye hasubiri? Alimlilia mkewe, alimkasirikia, aliongea naye wakati wa kutafuta chumvi. Lakini hakuwahi hata mara moja kuusikia mlango ukigongwa akadhani ni yeye. Aliujua uso ule wa kitambaa. Aliuchukia, na uso ule ndio uliomfungia geti asisimame hapo maisha yake yote. Yeye kwa huruma yake alimnyima Waziri hicho hicho. Sasa hakukuwa na cha kumnusisha. Hata mikanda aliichoma.

Alilia, mzee wa watu, kwa sauti, na hakukuwa na haja ya kujizuia kwani aliyemwona ni farasi.

Kondoo alimpata bila kumtafuta. Mchinjaji alimwita amhamishie jokofu, kazi ndogo ya mwendo wa mtaa mmoja, na nyuma ya bucha palikuwa na kondoo jike mzee, amefungwa kwenye bomba. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe kama maziwa. Kila mtu akipita, kondoo anageuza kichwa kuelekea kwenye hatua, anatoa sauti nyembamba, anangoja ajibiwe.

"Huyo vipi?" mzee aliuliza.

"Kipofu. Na nyama yake, mzee, ni soli ya kiatu. Nilidanganywa. Nashindwa hata kumchinja, maana wateja watanichinja mimi."

"Nipe huyo, jokofu nimekuhamishia."

"Utamfanyia nini?"

"Nitamwozesha."

Mchinjaji aliangua kicheko, akamfungua kamba mara moja kabla mzee hajabadili nia.

Mzee hakumpa jina. Mnyama ukishampa jina umemkaribisha ndani, naye alikuwa mtu wa kuondoka. Alimwingiza bandani akamwacha katikati. Kondoo akatembea, akagonga ukuta. Akageuka, akagonga hori. Akageuka tena, akagonga mguu wa mbele wa Waziri, na hapo akasimama, akauegemea ule mguu kama mtu aliyefika kituoni. Waziri akainamisha kichwa, akamnusa. Mzee alishika mlango tayari kuingilia kati. Teke halikuja. Farasi alibaki amesimama, mguu ule ule hausogei, na pale alipotaka kuhamisha uzito alihamisha mingine mitatu.

Jioni Waziri akaenda getini, kama kawaida yake. Kondoo akabaki katikati ya ua hana pa kuegemea, akatoa sauti yake nyembamba. Waziri aligeuza sikio moja. Kondoo akaita tena. Farasi akalia, na safari hii mlio haukwenda barabarani, ulirudi uani. Kondoo akaufuata, akijikwaa kwenye mawe, akiita na kuitikiwa, akiita na kuitikiwa, mpaka kichwa chake kikagusa ule mguu wa mbele. Mzee alielewa pale pale. Tangu Bibie aondoke, Waziri alikuwa akiita bila kuitikiwa. Mbuzi hakumhitaji, na punda alikuwa na ajira yake. Huyu aliachwa gizani, akiita usiku na mchana, hana pengine pa kwenda. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, wasemavyo watu, na mnyama yule moyo wake ulikuwa mzima kabisa.

Waziri akaanza kula. Alikula kwa sababu kondoo alikula, na kondoo alikula chini ya shingo yake, akiokota yaliyodondoka. Mwanzoni mzee alisimama karibu kama zamani. Kisha akasogea hatua kidogo kila siku: mlangoni, kwenye ndoo, kwenye ngazi za jikoni. Ilikuwa kazi yake ya mwisho na aliifanya kama alivyofanya nyingine zote, taratibu, akijiondoa mwenyewe katika maisha ya farasi wake. Siku moja alikaa ndani kutwa nzima, akichungulia kwa pazia. Waziri hakutazama nyumba hata mara moja. Mzee aliteremsha pazia akasema, "Vizuri," na chai aliyokuwa ameimimina ikapoa mezani.

Mvua zilianza, na binti akaja kama alivyoahidi. Asubuhi hiyo mzee alimfunga Waziri kwenye gari kwa mara ya mwisho, akampandisha kondoo garini juu ya nyasi, na wakashuka mtaani kuelekea kwa yule mama wa farasi, binti akifuata nyuma na gari lake dogo, na nyuma yake foleni ya malori.

"Taratibu!" mchinjaji alipaza sauti kutoka mlangoni. "Leo umebeba bibi harusi?"

"Nampeleka kwa mumewe!" mzee akajibu, akainua kofia. Mtaa ukacheka. Filimbi peke yake hakucheka. Alisimama na punda wake kando ya barabara, akapiga mluzi mmoja mfupi, basi.

Huko walipofika, yule mama alikuwa ametayarisha uwanja mdogo wenye majani na kibanda. Mzee alimfungua Waziri, akamteremsha kondoo, akawaacha wazunguke. Kondoo aligonga kila nguzo akajifunza. Yule mama akamnong'oneza binti kwamba afadhali mzee aondoke kimya kimya wakati farasi anakula, asije akasumbuka. Ushauri wa watu wema. Mzee aliusikia.

"Hapana," alisema. "Mimi sitatoroka."

Akaingia uwanjani na fimbo yake, polepole kwenye matope, akasimama mbele ya Waziri. Akavua kofia. Farasi akanusa kofia, akanusa nywele nyeupe, koti, viganja vyote viwili, nyonga mbovu. Alikaa muda mrefu puani mwa mzee, pumzi kwa pumzi. Mzee hakumshika. Alikuwa akingoja ageuke mwenyewe, kama desturi inavyotaka, na wakati huo huo, Mungu amsamehe, moyoni alikuwa akiomba asigeuke. Alitaka mlio mmoja tu. Mmoja wa kwenda nao.

Kondoo akaita kutoka upande wa kibanda, amepotea.

Waziri akainua kichwa, akamwitikia, akageuka. Alikwenda hadi kwenye kibanda, akasimama ili kondoo amguse mguu, na wote wawili wakainama kula. Hakutazama nyuma. Mzee alingoja kidogo, endapo. Kisha akavaa kofia, akarudi getini, akalifunga mwenyewe.

Ndani ya gari binti alimfunga mkanda kama mtoto, wakaipita bucha, geti lao tupu, na nyumba ya Mama Sabuni. Mvua ilipiga kioo. Machozi yalimtoka mzee, naye aliyaacha yatiririke.

"Ametulia, baba," binti alisema mwishowe. "Umeona alivyotulia? Si ndicho ulichokitaka?"

"Ndicho."

Lori likawapita na honi yake.

"Yule fundi cherehani," mzee alisema. "Wa huko chini kwenu."

"Ndiyo, baba?"

"Mkewe alipofariki, walimwacha amwone?"

Binti aligeuka akamtazama, asielewe, kisha akarudisha macho barabarani. "Alimwona. Alikuwa naye pale kitandani mpaka mwisho, nilikuwa zamu mimi."

Mzee alifuta uso kwa kofia, akaiweka magotini.

"Basi tutaelewana," alisema. "Endesha taratibu."